Mkono wa Mzee Dubow

Garissa, Jumapili alasiri

Hooyo Ifrah, mwanangu,

Kesho asubuhi hutaniona kwenye stendi ya basi. Abti yako Yusuf, ndugu yangu, atakupeleka, atakubebea sanduku, atagombana na makarani wa tikiti mpaka upate kiti cha dirishani, na mimi sitakuwepo. Saa hiyo hiyo nitakuwa kwenye lori la mifugo linalorudi Tarbaj tupu, nimekaa karibu na Mzee Dubow. Nimetaka ulijue hilo kwanza, usije ukasoma ukitumaini kwamba mwishoni nitabadilisha nia.

Umekwenda kumuaga ayeeyo, bibi yako, na najua hatakuachia mpaka magharibi. Kwa hiyo nina muda. Sitaandika habari za chakula, wala sabuni, wala watu wa Nairobi; hayo ayeeyo anakwambia sasa hivi, na mengine anayatunga. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali chetu sikufundishwa kukiandika, na kwa sababu jambo hili nimejisimulia kwa Kisomali mara nyingi mno, na kila mara likatoka laini.

Wiki iliyopita nilikusikia ukimwambia jirani, "Mama yangu ndiye aliyetengeneza ile ramani ya maji. Na mimi naenda kusomea hiyo hiyo kompyuta." Kisha ukafanya ule mzaha ambao watoto wote wa mtaa wetu wanaujua. Ukanyoosha kidole hewani, ukakitetemesha, ukasema kwa sauti ya kizee, kila p ukiifanya b, "Kisima iko wabi? Kisima iko haba!" Jirani akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikuwa mlangoni na beseni la nguo, na nilicheka pia. Kidogo tu. Tangu hapo nina ladha mdomoni kama ya maziwa yaliyokaa kwenye chombo kisichofukizwa moshi.

Wewe unamjua Mzee Dubow kama mzee wa soko la mifugo anayekaa peke yake upande wa ngamia. Ujanani alikuwa sahan. Neno hilo umelisikia kwa ayeeyo: mtu anayetangulia mbele ya familia na mifugo, siku tatu, siku nne, kutazama kama kuna maji na majani. Akirudi anasema alichokiona, na kwa neno lake watu wanafunga nyumba zao juu ya ngamia na kuhama. Hakuna anayekwenda kuhakikisha, maana hakuna nguvu ya kwenda mara mbili. Kwa hiyo sahan hasemi asichokijua. Akiwakosesha watu maji mara moja, haulizwi tena.

Shirika letu la misaada ya maji lilimwajiri kwa sababu hiyo. Kila kiangazi tulipeleka malori ya maji upande wa Tarbaj, kwenye visima vilivyokauka ambako watu bado walikuwa wamekaa. Habari zilikuja kwa redio, na Mzee Dubow aliketi na daftari, akisikiliza, akiuliza maswali mawili matatu, kisha akisema lori liende wapi. Alikuwa na visima vyote kichwani, pamoja na njia na nani kahamia wapi.

Halafu nikaja mimi, na cheti changu.

Meneja alitaka kitu cha kuwaonyesha wageni wanaotoa fedha. Nikamtengenezea. Ndani ya dirisha la programu yangu niliweka kivinjari, kile cha kusomea kurasa za intaneti, ingawa ofisi yetu haikuwa na intaneti hata siku moja. Kilifungua ukurasa mmoja tu uliokaa ndani ya mashine, na ukurasa huo ulikuwa ramani ya visima. Unapeleka kishale juu ya kisima, unabonyeza kipanya, na programu inajua umebonyeza wapi kwa kuhesabu nukta za skrini: ngapi kutoka ukingo wa kushoto, ngapi kutoka juu. Kila kisima nilikiandikia hesabu yake ya nukta, nilizozipima mwenyewe kwenye skrini ya mezani kwangu. Ukibonyeza pasipo na kisima, programu inachukua kilicho karibu zaidi. Sikutaka iseme "sijui." Niliona ni aibu mashine yangu kusema "sijui" mbele ya wageni.

Karatasi yenye jina la kisima ilitokea kwenye printa chumbani kwa meneja, na Noor wa redio akaisoma kwenda Tarbaj. Mzee Dubow, ambaye sasa alibonyeza badala ya kusema, aliona neno moja tu kwenye skrini yake: IMEPOKELEWA. Nilipanga hivyo makusudi. Nilisema ni kwa ajili ya usafi wa kazi. Ukweli ni kwamba sikutaka mzee abishane na karatasi.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana utalikuta tena chuoni, na watakufundisha kama jambo dogo.

Siku nilipomkabidhi mashine yake nilimwona akikaza macho na kusogeza pua karibu na kioo. Nikamwonea huruma. Nikaingia kwenye mipangilio nikachagua herufi kubwa. Kila kitu kwenye skrini kikakua kwa robo. Dirisha likakua, kivinjari ndani yake kikakua, na ramani, ambayo nilikuwa nimeiamuru ijaze kivinjari, ikavutika nayo. Mzee akatabasamu. "Sasa naona mbaka Elwak," akasema. Nikafurahi. Ramani ikawa kubwa, na hesabu zangu za nukta zikabaki zile za skrini yangu.

Nilijaribu visima vitatu mbele yake. Vyote vilikuwa juu kushoto, karibu na pembe ambako hesabu inaanzia, kwa sababu mkono wangu ulikuwa pale pale. Karibu na pembe kitu kilichovutwa hakisogei sana. Vyote vitatu vikatoka sawa. Nikafunga faili.

Mwezi wa pili wa kiangazi Mzee Dubow alikuja mezani kwangu. Hakukaa.

"Mama Ifrah, ile bicha nadanganya."

"Picha inadanganya, adeer," nikasema. "Ina, si na."

Ndiyo, hooyo. Mtu aliniletea habari ya maji, nami nikamsahihisha Kiswahili.

Akasubiri nimalize. "Mimi nasukuma Garasweyn. Dereva naambia mimi yeye alienda Bur Yar. Bur Yar hakuna mtu. Watu ya Bur Yar walihama zamani."

Noor akachungulia kutoka chumba cha redio. "Mzee, labda ulikuwa unaota Bur Yar. Una mke wa pili huko?"

"Mke yangu iko moja, na yeye nasema kweli kushinda hii sanduku."

Tulicheka, mimi na Noor. Kisha nikamwambia kwa sauti ile ninayoitumia na wewe ninapotaka uondoke: "Adeer, kompyuta haikosei. Bonyeza taratibu. Shikilia mkono wako usitikisike."

Alirudi mezani kwake. Tangu siku hiyo alishika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto kila alipobonyeza. Noor aliona, akamwigiza wakati wa chai. Mzaha wako ulitoka hapo. Ulizaliwa ofisini kwangu, nami nikiwa na kikombe mkononi.

Kwa wiki mbili nzima lori lilikwenda Bur Yar. Dereva alikuta tangi la saruji na hakuna mtu, akamwaga maji ndani kwa sababu karatasi ilisema amwage, akarudi. Huko Garasweyn watu waliambiwa kwenye redio kwamba maji yametumwa, kwa hiyo hawakuhama. Hilo ndilo baya kuliko yote. Kama tungenyamaza wangeondoka mapema, punda wao wakiwa bado na nguvu. Waliwekwa pale na ahadi yetu. Mbuzi wakaanza kulala wasiinuke. Halafu punda, na bila punda hakuna wa kubebea maji wala wagonjwa. Watu walitembea usiku na mchana hadi Tarbaj, wakiwabeba wazee mgongoni.

Walituma watu watatu hapa Garissa. Siku moja kabla hawajafika, asubuhi, wengine hawajaingia kazini, nilikwenda kwenye mashine ya Mzee Dubow. Nadhani nilikwenda kuthibitisha kwamba ni mkono wake. Nikabonyeza Garasweyn, katikati kabisa, na mkono wangu haukutikisika. Nikaenda chumbani kwa meneja, nikachukua karatasi kwenye printa. Bur Yar. Nikarudi nikabonyeza tena. Bur Yar. Nikabonyeza visima vingine, kikatoka kisima cha jirani, kila mara chini zaidi na kulia zaidi. Kisha nikaona herufi. Jinsi zilivyokuwa kubwa, nzuri, za kusomeka. Nikakumbuka ni nani aliyezikuza.

Marekebisho hayakuchukua nusu saa. Uiulize mashine skrini yake imekuzwa kiasi gani, ugawanye kila hesabu ya mbonyezo kwa kiasi hicho, kisha ndipo utafute kisima. Mistari minne. Nikaiweka, nikajaribu kila kona, vyote vikatoka sawa. Nikachana karatasi za Bur Yar vipande vidogo. Vipande hivyo niliviweka kwenye mkoba wangu badala ya ndoo ya taka ya ofisi. Hapo ndipo ningeweza kujua mimi ni mtu wa namna gani, kama ningejitazama.

Wale watatu walikaa mbele ya meneja. Mmoja, mrefu, ndevu za hina, aliweka kamba juu ya meza. "Hii ya punda ya mwisho," akasema. "Mimi nauliza tu. Nani alisema maji nakuja?"

Meneja akaeleza kwamba mitambo ilijengwa na mtaalamu na imejaribiwa. Akanionyesha mimi. Akasema kwa masikitiko kwamba mzee wetu ana umri, mkono wake unatetemeka, na kidole kikisogea kidogo kwenye ramani ni mwendo wa siku nzima ardhini. Yule mrefu akamgeukia Mzee Dubow. Walikuwa wanajuana. Baba yake alihamishwa na neno la Dubow zaidi ya mara moja.

Mzee Dubow alikuwa anautazama mkono wake. Aliuweka wazi juu ya goti, kiganja juu, kama kitu alichopewa kushika na mtu mwingine. Kisha akaniuliza mimi, si meneja.

"Mama Ifrah. Wewe umesoma. Ni mkono yangu?"

Nilikuwa na jibu mkobani, limechanwa vipande.

Nikasema, "Labda, adeer."

Hilo tu. Nimelichunguza neno hilo tangu siku ile kama mtu anavyochunguza kidonda. Sikusema ndiyo, unaona, kwa hiyo sikusema uongo. Wasomi tuna maneno ya namna hii, safi, yasiyoacha alama kwenye nguo. Yule mrefu aliinuka, akachukua kamba yake, akamwambia Mzee Dubow kwa Kisomali, taratibu, bila hasira, kwamba watu wa Garasweyn hawatamuuliza tena. Mzee akasema, "Mna haki." Jioni hiyo hakuwa mfanyakazi wetu tena.

Mimi nilipandishwa cheo. Wageni walikuja, wakabonyeza visima, vyote vikatoka sawa, wakapiga makofi. Ulikuwepo. Ulivaa lile gauni la kijani.

Utaniuliza kwa nini sasa. Ningependa kusema ni kwa sababu yako, kwa kuwa unakwenda. Sivyo. Ni Jumatano hii iliyopita, soko la mifugo, nilipokwenda kumnunulia ayeeyo mbuzi wa sadaka. Kijana kutoka upande wa Ijara alikuwa anawapitisha ng'ombe wake, akasimama mbele ya Mzee Dubow, akamuuliza kwa heshima kama malambo ya njiani bado yana maji. Hakumjua ni nani. Aliona mzee tu. Na Mzee Dubow, ambaye anaijua njia hiyo kama uani kwake, aliuingiza mkono wa kulia ndani ya macawis, shuka yake ya kiunoni, akauficha kabisa, akasema, "Uliza mwingine, mwanangu. Mimi nakosea."

Anaamini, Ifrah. Nilikuwa nimedhani anajua kwamba alidhulumiwa, na kwamba anatuchukia. Ningeweza kuishi na chuki yake. Lakini aliichukua "labda" yangu nyumbani, akaila, na sasa haamini mkono wake, wala macho, wala miaka yote ile aliyotembea. Nilisimama kwenye mavi ya ng'ombe, kamba ya mbuzi mkononi.

Ijumaa baada ya swala nilikwenda kwake. Mkewe alinipa chai. Nilijaribu kueleza kwa maneno, nukta, herufi, kivinjari, nikaona naanza tena kujificha nyuma ya maneno. Uani kulikuwa na mpira wa tairi uliokatwa ukanda, wa kufungia mizigo. Nikaupigilia upande mmoja kwa msumari kwenye kigogo, nikauchora mistari mitatu kwa mkaa, na pembeni yake, kwenye kigogo chenyewe, nikachora mitatu ile ile. Kisha nikauvuta mpira. Mstari wa karibu na msumari ulisogea kidogo sana. Wa kati ukasogea. Wa mwisho ukaruka mbali.

"Mpira ni ramani yako," nikasema. "Mimi ndiye niliyeuvuta nilipokukuzia herufi. Kigogo ni hesabu zangu. Wewe ulibonyeza mpira, mashine ikasoma kigogo."

Alinitaka niuvute tena. Nikauvuta. Akaweka kidole juu ya mstari wa mwisho, akaufuata kwenda na kurudi. Kidole kilikuwa kimetulia. Hakikutikisika hata kidogo, Ifrah, hakijawahi kutikisika.

"Garasweyn iko haba," akasema, juu ya mpira. Kisha akakishusha kwenye kigogo. "Na hii ni Bur Yar."

"Ndiyo, adeer."

"Ile siku nilikuuliza. Ulijua?"

"Nilijua."

Mkewe akaweka birika chini. Mzee hakuinua sauti. Nilitamani ainue. Akasema, "Mimi sitaki samahani haba uani. Haba nani nasikia? Kuku?" Kisha akasema kwamba watu wa Garasweyn wako Tarbaj mpaka Jumanne, na baada ya hapo watatawanyika kufuata majani, kila familia njia yake. Lori linaondoka Jumatatu alfajiri. "Utasema huko. Wewe, kwa mdomo yako. Mimi nakaa kando tu nasikiliza."

Nikamwambia Jumatatu alfajiri binti yangu anaondoka kwenda chuoni.

Akasema, "Wewe nachagua. Mimi siwezi kukusukuma. Nilisukuma vya kutosha." Mkewe akacheka, cheko fupi lenye hasira, na mzee mwenyewe akacheka, na mimi nikakosa pa kuweka uso.

Nilikuacha mara moja ukiwa na miaka miwili, nikaenda Nairobi kusoma. Niliporudi ulikuwa unamwita ayeeyo hooyo, mama, na mimi unaniita yule. Niliapa sitakosa tena siku yako yoyote kubwa. Sasa naikosa. Sikuombi uelewe leo. Ukiwa na hasira kwenye basi, kuwa nayo mpaka uchoke.

Karatasi ya kuacha kazi iko mezani kwa meneja, pamoja na maelezo ya kosa, kurasa mbili, jina langu juu. Huenda watayachana, wanajua namna. Nakala moja nimekuwekea chini ya nguo zako. Si ya kuonyesha watu. Ni kwa siku utakapotengeneza kitu chako, kikafanya kazi vizuri mezani kwako, na mtu asiyejua hata kukiita jina akaja kukwambia kinadanganya. Sijui utafanya nini siku hiyo. Mimi nilijiona mwema hadi siku yangu ilipofika. Najua tu nilichofanya, na kinanuka, na nilikipaka manukato kwa miezi mingi nikakuita uje ukinuse.

Nasikia sauti yako kwa jirani, umerudi mapema. Unafanya ule mzaha tena, nasikia wanavyocheka. Nitaifunga barua hii sasa nije nikushike kidole hicho, nikueleze kwa mdomo kabla hujaisoma, maana nimeona nikiiacha karatasi iseme peke yake nitakuwa nimerudia yale yale.

Na kesho, abti Yusuf akikuuliza stendi mama yako yuko wapi, usimwambie nimekwenda kazini. Mwambie nimekwenda Tarbaj kuwajibu watu waliouliza ni nani alisema maji yanakuja.

Hooyo yako